Dipu ya Wenyewe Wawili

Watu wakiniuliza tuliwezaje kuishi pamoja huku Nyansiongo, Msabato na Mkatoliki, mtu wa ukoo huu na mtu wa ukoo ule, hutarajia niwasimulie habari za ugomvi. Ugomvi tuliuweza. Kilichotuangusha ni adabu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni hadi wajukuu wanachungulia mlangoni kuona bibi kapatwa na nini.

Tulihamia huku miaka michache baada ya Uhuru, mashamba ya wazungu yalipokatwa vipande. Kwetu, upande wa Nyamache, ardhi ilikuwa imebanana hata kuku wa jirani akikohoa wewe ndiye unayempa pole. Mume wangu alipopata kipande huku, tulibeba sufuria, godoro na baba mkwe, tukaja. Tukapangwa mistari mistari: huyu ametoka Kenyenya, yule Nyamache, mwingine sijui wapi, watu ambao babu zao hawakuwahi hata kuombana moto. Niliamka asubuhi ya kwanza nikamwona jirani ng'ambo ya ua, tukatazamana tu. Hakuna aliyejua aanze na salamu ipi.

Mali yetu ilikuwa ng'ombe mmoja wa gredi, yaani wa mbegu ya kizungu, mweupe mwenye mabaka meusi. Tulitoa ng'ombe wawili wa kienyeji ili kumpata, na baba mkwe alinung'unika mwezi mzima kwamba tumebadilisha wanaume wawili kwa bibi harusi mmoja. Lakini bibi harusi huyo alikuwa na maziwa! Watoto wangu walinenepa mashavu. Nilimpenda ng'ombe yule kupita kiasi, nakubali. Wakati ninaoeleza alikuwa na mimba, na mimi nilikuwa nikiamka mapema kumtoa kupe mmoja mmoja masikioni na kuwachoma kwenye jiko, huku nikiwatukana.

Maana kupe ndio waliokuwa adui. Ng'ombe wa kienyeji aliwazoea, lakini wa gredi, lo! Leo anakula, kesho ameinamisha kichwa, matezi yamevimba, keshokutwa mnaazima majembe. Jirani wa juu alipoteza wake. Jirani wa chini akapoteza wawili. Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki akatuambia wazi kwamba bila dipu, yaani josho, shimo la maji ya dawa ambamo ng'ombe huruka kupe wafe, tusitegemee kuona ndama. Tukichimba na kujenga wenyewe kwa harambee, serikali italeta dawa. Nilirudi nyumbani nikamshika ng'ombe wangu tumboni, nikamsikia ndama akipiga teke. Nikasema, dipu hii itajengwa hata nikiichimba kwa kijiko.

Basi Wasabato wakaanza kuchimba karibu na kanisa lao. Wakatoliki waliposikia, nao wakaanza kuchimba lao kando ya kijito. Wiki mbili hivi watu walichimba kwa wivu, hakuna anayemtazama mwenzake, mashimo yakawa yanatazamana kutoka pande mbili za barabara. Bwana mifugo akarudi. Akachungulia shimo la kwanza, akavuka barabara, akachungulia la pili.

"Mnataka kuosha ng'ombe," akauliza, "au mnazika nani?"

Watu wakaficha majembe nyuma ya migongo.

"Dawa ninayo ya dipu moja. Ya pili mtaogelea wenyewe."

Akawasha pikipiki yake akaenda. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ushirikiano wetu, na sina haja ya kuupamba.

Wasabato waliongozwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Wakatoliki walikuwa na katekista wao, mwembamba, mpole, asiyeachana na baiskeli yake. Wakakubaliana kwamba shimo litakuwa la Wakatoliki, kwa sababu liko karibu na maji, na mwenyekiti wa kamati atakuwa mzee wa Wasabato, ili moyo usimuume. Mimi niliingizwa kwenye kamati, mwanamke peke yangu, kwa sababu fundi tuliyempata alitoka upande wa ziwa, hajui Kigusii hata neno. Wengi wetu Kiswahili chetu kilikuwa cha shule, kinachechemea. Mimi nilikijua kwa kuuza ndizi sokoni, na mdomo, wenyewe walisema, sikupungukiwa nao.

Ila kulikuwa na sababu ya pili ambayo hawakuitaja. Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Nilipoolewa nikamfuata mume wangu kwa Wasabato, nikazamishwa mtoni, ubatizo wangu wa pili. Kwa hiyo nilizijua nyumba zote mbili, mlango wa mbele na wa jikoni. Na mke wa katekista alikuwa rafiki yangu wa utotoni. Tulifundishwa katekisimu benchi moja kule Nyamache, tukapokea komunyo ya kwanza tumeshikana mikono. Tangu niache kanisa hakunisemesha. Alikuwa jirani yangu wa tatu, nami nilimwona kila siku akipita na mtungi, shingo imenyooka, macho mbele. Iliniuma, sitasema uongo. Nilijifanya sijali, nikawa naimba kwa sauti kubwa akipita.

Kazi ikaanza, na kazi ilikuwa tamu. Kwetu kazi ya majirani inaitwa risaga: unaita watu, wanakulimia, halafu unawapa pombe. Wasabato hawanywi. Wakatoliki wakasema risaga bila pombe ni kazi ya jela. Tukabishana mpaka mume wangu, ambaye huongea mara moja kwa wiki, akasema tupike uji mzito wa wimbi na chai ya maziwa, na anayetaka kingine atakikuta kwake jioni. Mzee akakohoa.

"Mnachokunywa kwenu mimi sikioni," akasema.

Basi mambo yakaendelea. Nyimbo nazo zilileta matata, kila upande na zake, hadi kikongwe mmoja akaanzisha wimbo wa kulima wa zamani, wa kabla ya kanisa lolote kufika milimani. Wote waliujua. Ee, sururu zilipanda na kushuka pamoja siku ile!

Lakini kilichonichekesha zaidi ni mstari wa maji. Siku ya kumwaga zege ilibidi maji yatoke kijitoni kwa madebe, mkono kwa mkono. Sasa mila yetu ya Kigusii inakataza mke kukaribiana na baba mkwe wake. Huwezi kumpa kitu mkononi, huwezi hata kusimama naye bega kwa bega, ni aibu kubwa. Kijiji cha ukoo mmoja kingekwama pale pale, kwa maana kila mwanamke angekuwa na mkwe mbele au nyuma. Sisi tulikuwa wageni watupu! Fundi akawa anapiga kelele kwa Kiswahili, "Wewe mkwe wa nani? Haya, weka mgeni katikati!" Na mgeni alikuwepo kila mara. Katikati yangu na baba mkwe akatumbukizwa nani? Mke wa katekista.

Baba mkwe akampa debe, yeye akanipa mimi. Debe la kwanza kimya. La kumi kimya. Nilikuwa nikipokea madebe kwa hasira, nayapokonya, maji yanaruka.

"Shika vizuri," akasema. "Unanilowesha."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka. Nikashika vizuri. Jioni nilimweleza mume wangu kama mtu aliyepokea barua kutoka ng'ambo.

Sasa nifike kwenye ile adabu. Zege lilipokaribia kumalizwa kamati ikaketi kuamua siku za kazi. Mzee akasimama akasema kwamba sisi Wasabato hatufanyi kazi Jumamosi, hilo linajulikana, lakini pia si vizuri tupige nyundo Jumapili huku ndugu zetu wako kwenye Misa. Katekista akasimama naye, akamshukuru mzee kwa moyo huo, akasema Wakatoliki nao hawawezi kushika jembe Jumamosi na kuwasumbua ndugu zao wakiomba. Kwa hiyo Jumamosi hakuna mtu kukanyaga pale, na Jumapili hakuna mtu. Tukapiga makofi. Watu wakashikana mikono, mzee akafuta macho. Mume wangu akasema hajawahi kuona mkutano mzuri namna ile, na mimi nilipiga makofi pamoja nao.

Fundi akapiga plasta ya mwisho Ijumaa, akamaliza adhuhuri. Kabla ya kuondoka kwenda kwao alituonya, mbele ya wote, kwamba simiti mbichi ni mtoto mchanga: isipomwagiliwa asubuhi na jioni itapasuka. Sote tukaitikia ndiyo.

Jumamosi jua likawaka, jua la kukausha mahindi. Jumapili likawaka zaidi. Jumatatu tulipofika, ukuta ulikuwa na ufa kutoka juu kwenye ngazi za kutokea hadi chini sakafuni. Vidole vyangu viliingia.

"Hakuna aliyemwagilia?" nikauliza.

Katekista akavua kofia. "Nilipita hapa Jumamosi. Nilikuwa na dumu la maji kwenye baiskeli. Niliona umekauka. Lakini tulikuwa tumeahidi kuwaheshimu."

"Na mimi nilipita Jumapili," mzee akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Kijito kile pale. Nikasema nikigusa debe, watu wanaotoka Misani watasema Msabato ana dharau."

Jamani! Nilihisi damu imenipanda hadi kwenye nywele. Jana yake tu nilikuwa nimemtoa ng'ombe wangu kupe wa kujaza kiganja. Ndama alikuwa amebakiza wiki chache.

"Heshima gani hii ya kupasua ukuta?" nikapaza sauti. "Mwingine amepita na maji kwenye baiskeli, mwingine amepita na mto miguuni, na wote mmepita mkiwa na adabu! Kupe hawana adabu. Kupe wanakula Jumamosi, wanakula Jumapili, hawaendi kanisa lolote! Mungu amewapa siku mbili za kupumzika ambazo hazigongani, halafu ninyi mnazifunga zote mbili kama kufuli. Wakatoliki wamwagilie Jumamosi. Wasabato wamwagilie Jumapili. Ni neno gumu hilo?"

Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Mke kumpazia sauti mzee wa kanisa, tena mbele ya baba mkwe, haikuwa jambo dogo. Lakini mzee hakukasirika. Alikuwa na shida nyingine, akaieleza kwa unyenyekevu.

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini amri ya Sabato hainikatazi mimi peke yangu. Inamkataza hata mgeni aliyefikia kwangu, hata mnyama wangu. Mimi ndiye mwenyekiti. Dipu hii ni yangu. Mkatoliki akinifanyia kazi kwenye dipu yangu siku ya Sabato, nimemtuma mimi."

Watu wakashusha pumzi. Ilikuwa kweli, huwezi kumlazimisha mtu kuvunja dhamiri yake kwa sababu ya simiti. Tukakaa kwenye kifusi.

Ndipo katekista akasema polepole, "Mzee, shimo ni la nani?"

"Mlilichimba ninyi."

"Na wewe unalisimamia. Sasa, kama Ijumaa kabla jua halijazama ungeturudishia? Liwe letu kabisa, si lako. Tukimwagilia, tunamwagilia chetu. Halafu Jumamosi jua likizama tunakukabidhi liwe lako kabisa. Jumapili ukimwagilia, umemwagilia chako, mimi simo."

Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Alitazama mbingu, akatazama ufa. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kile kicheko cha kusikika kilima cha pili.

"Katekista," akasema, "wewe ungekuwa Msabato, ungetusumbua sana."

Hivyo dipu yetu ikapata wenyewe wawili. Wakatoliki walikuwa na simiti waliyoweka kwa ajili ya sakafu ya kanisa lao, Wasabato walikuwa na ya ngazi za kanisa lao, na zote zikaenda kwenye ule ukuta. Fundi alirudi akitucheka bila huruma, akabomoa, akajenga upya. Na kila Ijumaa jioni, jua likiwa bado mkono mmoja juu ya kilima, mzee alisimama ukingoni akampa katekista debe mbele ya mashahidi na kusema, "Shimo ni lenu." Jumamosi jioni debe likarudi. Watoto walikuja kutazama kama wanaokuja harusini. Jumapili sisi wanawake wa Kisabato tulishuka na nguo za kazi, tukamwagilia huku tukiimba, na Wakatoliki wakitoka Misani na mavazi yao meupe wakatupigia vigelegele kutoka barabarani. Ukuta ule ulikauka polepole bila ufa hata wa unywele. Nilifurahi jamani, nilifurahi hadi nikawa nampigia hodi kila mtu nimwambie aende kuuona.

Kisha bwana mifugo akaleta neno. Dawa imefika, lakini ana dipu nyingi za kuzungukia, na siku yake ya kuja kwetu ni Jumamosi. Hiyo tu. Ikitupita, tungoje mwezi mwingine.

Ng'ombe wangu hakuwa na mwezi mwingine. Alikuwa mzito, anatembea kwa kujivuta, na jirani wa kando alikuwa amezika wake siku chache nyuma. Nilimtazama mzee. Hakuchukua muda safari hii.

"Ijumaa jioni," akatangaza, "kila Msabato amlete ng'ombe wake kwa katekista. Atamkabidhi kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba si wake."

"Na nikikataa kuwarudisha?" katekista akauliza.

"Utawakamua wewe, na utajua!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Ijumaa nilimshika ng'ombe wangu kamba, nikamfikisha mpaka kwenye ua wa katekista. Mkewe ndiye aliyepokea. Ilinibidi niseme yale maneno, nami nikayasema nikimtazama machoni, kwamba huyu si wangu. Alishika kamba akamwingiza zizini. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Kesho yake niliketi kanisani sikusikia mahubiri. Kanisa letu halikuwa mbali na dipu, madirisha yalikuwa wazi, na tulisikia yote. Mlio wa ng'ombe. Kelele za wanaume. Halafu kishindo cha maji, na kelele za furaha. Ng'ombe wa kwanza ameruka! Watu wote kwenye benchi wakanyoosha shingo. Kishindo kingine. Mzee mimbarani akapoteza mstari, akautafuta kwa kidole, akaupoteza tena. Mimi nilikuwa nahesabu vishindo nikijiuliza kipi ni cha wangu. Hapo ndipo wazo lile liliponijia: ng'ombe mwenye mimba nzito akirushwa ndani ya maji marefu namna ile, ndama atabaki? Tulizungumza siku ya kuosha, tukazungumza nani ataosha, na kwa furaha yetu hakuna aliyefikiria tumbo.

Ibada ilipokwisha sikusalimu mtu. Nilishuka njiani na gauni langu la Sabato, viatu mkononi, nikakimbia hadi kwenye ua wa katekista.

Ng'ombe wangu alikuwa amesimama chini ya kivuli cha ndizi, amekauka mgongo. Hakuwa ameruka. Mke wa katekista alikuwa amepiga magoti kwenye matope, nguo imefungwa kiunoni, ndoo ya dawa kando yake, kitambaa mkononi. Alikuwa akimwosha kwa mkono. Chini ya mkia, katikati ya mapaja, ndani ya masikio, mkunjo kwa mkunjo, na alikuwa amefika tumboni, anapapasa taratibu kama anayemwogesha mtoto. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amefungwa pembeni, bado ana kupe.

"Bwana mifugo alitaka tumsukume," akasema bila kugeuka. "Nikamwambia huyu ana mtu ndani. Akanipa dawa kwenye ndoo."

Nilitupa viatu nikapiga magoti niokote kitambaa cha pili. Akanizuia kwa kiwiko.

"Utachafua gauni. Na leo huruhusiwi. Kaa pale."

Nikakaa kwenye kigoda chake, mlangoni kwake, ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga. Ndama alizaliwa siku chache baadaye, jike, mzima, mwenye mguu mmoja mweupe, na kijiji kizima kilikunywa chai yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshapokea changu pale mlangoni. Nilianza kulia, kulia kweli, kamasi na yote, na yeye akaendelea kuosha, akaliminya lile tambara, akafika kwenye kiwele.

Kisha akageuka, akaniona, akacheka. Akaniita kwa jina tulilokuwa tukiitana benchini tukiwa wasichana, jina ambalo hata mume wangu halijui.

Nikaitika.